Mwongozo wa Kumrudia Kasuku Aliyekufa

Usianze na kasuku. Hilo ndilo sharti la kwanza, na kwa wengi ndilo gumu kuliko yote. Anayetaka kuitazama upya Monty Python's Flying Circus baada ya miaka mingi huenda moja kwa moja kwenye kichekesho kile cha mteja anayerudisha dukani kasuku aliyekufa, na muuzaji anayeshikilia kuwa ndege amepumzika tu. Anakitafuta kwenye simu, anakikuta kimekatwa na kuwekwa peke yake, anacheka mara mbili tatu, kisha anaiweka simu chini akijiuliza mbona zamani kilivunja mbavu. Kesho yake anawatangazia wenzake kwamba vichekesho vya Waingereza vya enzi hizo vimechuja. Havijachuja. Ameona ukucha, akadhani amemwona simba.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na wa yule ambaye bado hajafikia hapo ila ana nia. Masharti yake ni makali, na nayamaanisha yote.

Tukumbushane kwanza tunazungumzia nini. Kipindi kilianza kurushwa BBC1 usiku wa Jumapili, 5 Oktoba 1969, na cha mwisho kikarushwa 5 Desemba 1974. Misimu ni 4, vipindi ni 45, kila kimoja cha nusu saa. Waliokiandika na kukiigiza walikuwa 6: Graham Chapman, John Cleese na Eric Idle waliosoma Cambridge, Terry Jones na Michael Palin waliosoma Oxford, na Mmarekani mmoja, Terry Gilliam, aliyekata picha za vitabu vya zamani akazifanya zitembee. Chapman alifariki 4 Oktoba 1989, ikibaki siku moja tu kipindi kitimize miaka 20. Jones alifariki Januari 2020. Pamoja nao alikuwapo Carol Cleveland, ambaye nitamrudia baadaye kwa sababu alistahili zaidi ya alichopewa.

Watu wa Tanzania Bara hawakukiona kikirushwa nyumbani miaka hiyo. Kilipoanza, Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, na ilibaki hivyo hadi 1994. Waliokifahamu walikifahamu kwa kanda: ndugu anarudi kutoka London, ndani ya begi mna kaseti mbili tatu za video, deki inawashwa sebuleni, watoto wanajipanga chini kwenye zulia, na nusu ya maneno inapita juu ya vichwa. Kinachobaki akilini baada ya hapo ni vipande: mtu mrefu anayerusha miguu, makadinali wenye nguo nyekundu, mguu mkubwa unaoshuka kutoka mbinguni na kumponda kila aliye chini. Vipande hivyo ndivyo mtu mzima anavyovitafuta tena kwenye YouTube, na ndivyo anavyovipata, vikiwa vimekatwa vizuri na kupangwa kwa umaarufu. Hapo ndipo anapopotea.

Kwa hiyo sharti la pili: tazama kipindi kizima, kuanzia muziki mpaka majina ya mwisho. Muziki wenyewe ni matembezi ya kijeshi ya Mmarekani John Philip Sousa, ya mwaka 1893, yaliyokwisha kutoka kwenye hakimiliki, kwa hiyo hakukuwa na wa kudai malipo. Mguu ule haukuchorwa na Gilliam. Ni wa Cupid, kutoka kwenye mchoro wa Bronzino, Mwitaliano wa karne ya 16, ambao mpaka leo umetundikwa National Gallery mjini London. Nenda kautazame ukipata nafasi. Mguu uko chini kushoto, mdogo, mweupe, hauna habari kabisa na kazi uliyokuja kupewa.

Kwa nini kipindi kizima? Kwa sababu walichokigundua watu hawa si utani wa kasuku. Utani mzuri ulikuwapo kabla yao. Enzi zile vichekesho vya televisheni ya Uingereza vilikuwa na mpango mmoja: waigizaji wanaingia, wanasukuma kisa kwa dakika chache, wanafika kwenye neno la mwisho la kuchekesha, watu wanapiga makofi, taa zinazimwa, anaingia mwimbaji. Kila kitu kilitegemea lile neno la mwisho. Mwandishi akilikosa, kichekesho chote kinakufa hata kama katikati kilikuwa dhahabu. Mapema mwaka huohuo wa 1969, Spike Milligan alionyesha kwenye kipindi chake cha Q5 kwamba inawezekana kukiacha kichekesho njiani na kuondoka zako. Kina Jones na Palin walipokiona waliingiwa na wasiwasi kuwa mzee kawatangulia. Lakini Milligan aliacha vipande vikiwa vimetawanyika. Wao wakavishona. Kichekesho kinaachwa kikiwa bado kitamu, picha ya Gilliam inakidaka, inakipeleka pengine, mtu wa kichekesho cha tatu anapita dirishani mwa kile cha tano, na mtangazaji aliyevaa suti ya jioni amekaa kwenye meza katikati ya shamba akikueleza kwamba sasa kinakuja kitu tofauti kabisa. Ushonaji huo ndio kazi yao, nao hauonekani kwenye klipu.

Mchukue kasuku mwenyewe, uone hasara. Kichekesho hicho kimo kwenye kipindi cha 8 cha msimu wa kwanza, kilichorushwa 7 Desemba 1969. Asili yake ni hadithi aliyokuwa akiisimulia Palin kuhusu fundi gari wake, mtu ambaye hata ungemletea gari linalosambaratika angekwambia ni kawaida, litazoea. Mwaka 1968 waliifanya kuwa kichekesho cha gari kwenye kipindi kilichoitwa How to Irritate People. Baadaye Cleese na Chapman wakakiandika upya, na Chapman ndiye aliyesema gari liwe kasuku. Kila mtu anakumbuka Cleese akimgonga ndege juu ya kaunta na kutaja kila njia anayoijua ya kusema kwamba kiumbe huyu hayuko tena duniani. Basi waulize waliokiona kwenye klipu: baada ya hapo ikawaje?

Muuzaji anamwambia mteja kwamba ndugu yake ana duka kama hili kule Bolton, aende atabadilishiwa. Mteja anakwenda. Anakuta duka lilelile, muuzaji yuleyule, sasa amebandika masharubu, anayedai kwamba hapa si Bolton, ni Ipswich. Mteja anakwenda kulalamika kwa mtu wa reli kwamba ameshushwa mji usio wake. Mtu wa reli anaanza kueleza kwamba yeye kwa elimu ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Mteja anasema hilo halihusiki. Mambo yanazidi kuyumba mpaka mteja mwenyewe anaona aibu, anaigeukia kamera na kukiri kwamba kisa kimekuwa cha kipuuzi mno. Hapo anaingia kanali wa jeshi, Chapman na masharubu yake, anakubali kwamba ni upuuzi mtupu na kuamuru waendelee na kingine. Sasa, aliyeona klipu tu hamjui huyu kanali ni nani. Aliyeanza mwanzo anamjua, kwa sababu mapema kwenye kipindi hichohicho majambazi wawili walimtembelea kanali kambini, wakamuuliza ana vifaru vingapi, wakamwambia una kambi nzuri hapa, itasikitisha ikipatwa na ajali. Tangu hapo kanali amekuwa akisimamisha vichekesho kwa amri. Akiingia kwa kasuku, hadhira inamcheka kabla hajafungua mdomo. Kicheko hicho kilipandwa dakika nyingi nyuma, na anayeanza na kasuku hawezi kukivuna.

Wenyewe walilijua hili kiasi cha kulipeleka mahakamani. Mwaka 1975 kituo cha ABC cha Marekani kilichukua vipindi vya msimu wa mwisho, kikaviunganisha kuwa onyesho la dakika 90, na ili kupata nafasi ya matangazo ya biashara na kuondoa yaliyoonekana machafu, kikakata takriban dakika 24. Walipoona kilichobaki hawakukitambua. Kesi ikafunguliwa New York kwa jina la Gilliam, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikakubaliana nao kwamba kazi iliyokatwakatwa namna ile si kazi yao tena, na kuitangaza kwa jina lao ni kuwadhulumu. Mpaka leo wanasheria wa hakimiliki hufundishwa kesi hiyo. Kwa hiyo ukitazama kwa klipu, elewa kwamba unajifanyia kwa hiari kile ambacho wenyewe walilipa mawakili kukizuia.

Tena shukuru kwamba vipindi vyenyewe vipo vizima. Miaka ile kanda za video zilikuwa ghali na zingeweza kurekodiwa tena juu, kwa hiyo BBC ilifuta vipindi vingi bila huruma. Sehemu kubwa ya Not Only... But Also, kazi ya Peter Cook na Dudley Moore iliyopendwa nchi nzima, ilipotea hivyo, ingawa wenye kazi walitaka kulipa ili zihifadhiwe. Sehemu ya Q5 nayo haipo. Vipindi vyote 45 vya Monty Python vipo. Mtu akipewa bahati hiyo akatazama dakika 3 na kuondoka, sina neno la kumwambia.

Sharti la tatu linahusu mwili wa picha. Usiitanue. Televisheni za leo ni pana, na rimoti ina kitufe kinachovuta picha ya zamani mpaka ijae kioo. Cleese, mwenye urefu wa karibu mita 2, anageuka kabati. Acha pembeni pabaki peusi. Halafu usishtuke ukiona picha inabadilika sura mtu akitoka nje ya mlango. Yaliyochezwa studio yalirekodiwa kwenye mkanda wa video, ndiyo maana yanang'aa na kuonekana kama mchezo wa jukwaani. Ya nje yalipigwa kwa filamu, yana chembechembe na ubaridi wa mawingu ya Uingereza. Watazamaji wa siku zile walizoea tofauti hiyo mpaka hawakuiona. Hawa waliiona. Kwenye msimu wa pili kuna kundi la mabwana wanaotoka ukumbini, wanagundua kwamba nje wamekuwa filamu, wanarudi ndani kwa hofu, wanajaribu mlango mwingine, nako ni filamu, wanaelewa kwamba wamezingirwa. Ukiwa umesafisha picha kwa programu za kisasa mpaka ndani na nje pafanane, kichekesho hicho umekiua.

Sharti la nne: hakuna kukariri. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa wapenzi wa Monty Python duniani kote. Julai 2014, wale 5 waliobaki walipopanda jukwaa la O2 mjini London kwa maonyesho 10, hadhira ilijaa watu wanaojua kila neno. Ukumbini, usiku wa kuagana na wazee wako, ni sawa. Imba, ungana nao. Sebuleni hapana. Anayemtangulia mwigizaji kwa neno moja anamnyang'anya aliye karibu naye kitu kisichorudi, kwa sababu vichekesho hivi vinaishi kwa mshangao, na hakuna mtu anayeshangazwa mara ya kwanza mara mbili. Nyumba yako ina haki ya kuweka adhabu. Mkariri atumwe jikoni akachemshe chai, na aruhusiwe kurudi majina yakianza kupita.

Na uwe na mtu huyo wa kumlinda. Usitazame peke yako. Tafuta mtu ambaye hajawahi kukiona, bora kijana, na umkalishe mahali utakapoweza kumwona uso. Kama ni kijana wa kompyuta utakuwa na pa kuanzia: lugha ya programu anayoandika kila siku, Python, ilipewa jina hilo na Guido van Rossum kutokana na kipindi hiki, na wala haihusiani na chatu. Iliachiwa kwa umma mwaka 1991, na maelezo yake bado yana mifano ya nyama ya kopo na mayai iliyotoka kwenye kichekesho cha mgahawa. Vijana wanaosoma kompyuta Dar es Salaam na Nairobi wameandika maneno hayo mara nyingi bila kujua yametoka wapi. Mwambie kijana asubiri kipindi cha 12 cha msimu wa pili.

Mbali na hilo, usimweleze mengi. Mambo mawili yanatosha. Kwanza, hela: kabla ya Februari 1971 pauni ya Uingereza ilikuwa na shilingi 20, na shilingi ilikuwa na peni 12, kwa hiyo akisikia shilingi asidhani ni masihara, ni shilingi iliyozaa ya kwetu, ingawa ya kwetu iligawiwa kwa senti 100 tangu mwanzo. Pili, tabaka: Mwingereza wa wakati ule alikuwa anamjua mwenzake baba yake ni nani kwa kusikia sentensi moja tu, na nusu ya kicheko inatoka kwenye lafudhi kutumika mahali isipostahili. Akina mama wawili, Cleese na Chapman wakiwa na mabegi ya mkononi na sauti za kukwaruza, wanakutana kwenye mashine za kufulia nguo na kubishana kuhusu maana ya uhuru katika kitabu cha Jean-Paul Sartre, kisha wanaamua kwenda Paris kumuuliza mwenyewe. Kijana atacheka hata bila maelezo. Akijua kwamba kwa Uingereza ile mwanamke wa mtaani hakutarajiwa hata kumtaja Sartre, atacheka pia ubaguzi wenyewe.

Sasa tufike kwenye miguu. Kichekesho cha Wizara ya Matembezi ya Kipuuzi kimo kwenye kipindi kilichofungua msimu wa pili, 15 Septemba 1970, na kimemtesa Cleese maisha yake yote, maana kila mahali anapokwenda watu humwomba atembee. Hapa agizo langu ni moja: usitazame miguu, tazama uso. Miguu unaijua, imeshaigwa na kila mtu, harusini na uwanjani. Uso ni wa mtumishi wa serikali anayewahi kazini. Ana kofia nyeusi ya duara, mwavuli, mkoba, gazeti. Hatabasamu, hajui kwamba anachekesha, mguu unapopita juu ya bega macho yake yako kwenye saa za ofisi. Akifika anamkuta raia, Palin, aliyekuja kuomba ruzuku ili aendeleze tembea yake. Tembea yenyewe haina kitu: mguu wa kulia hauna upuuzi wowote, na wa kushoto unazunguka kidogo tu hewani kila baada ya hatua moja. Mkuu anaitazama kwa huruma ya kitaalamu. Anaeleza kwamba kuna ulinzi, kuna afya, kuna nyumba, kuna elimu, na kuna matembezi ya kipuuzi. Kwamba wizara yake inapata pauni milioni 348 kwa mwaka na zote zina kazi. Katibu muhtasi anakuja na kahawa kwa tembea yake mwenyewe, na kahawa yote inaishia sakafuni.

Mtu wa Dodoma au Nairobi ana faida hapa kuliko kijana wa London wa leo. Kofia ile haipo tena Uingereza. Ofisi ile, kwetu, bado ipo. Waingereza walituachia jalada, muhuri, kiti cha mgeni kilicho kifupi kuliko cha mwenyeji, na ile lugha ya kumkatalia mtu kwa heshima. Aliyewahi kusubiri barazani kwa ofisa anayeongea taratibu kuhusu vifungu vya bajeti anaujua ule uso. Anaujua kwa karibu kuliko alivyoujua mtoto wa Kiingereza aliyekuwa akicheka miguu.

Kuna sehemu zitakazokuumiza, na sharti la tano ni kwamba usizirushe. Chukua kipindi cha 3 cha msimu wa tatu, cha 2 Novemba 1972. Ndani ya nusu saa hiyohiyo kuna kliniki ya mabishano, ambayo kwangu ndiyo kazi yao bora kuliko zote, na kuna kichekesho cha Malkia Elizabeth wa Kwanza kinachotegemea matamshi ya Mjapani na hakuna kingine. Kwingine kuna wazungu waliojipaka rangi wakaigiza watu weusi. Mashoga wanachekwa kwa kuwa mashoga. Na Carol Cleveland, ambaye akipewa maneno anayasema kwa usahihi wa saa, mara nyingi anapewa nguo chache na kuambiwa asimame. Akina mama wenye maneno wanaigizwa na wanaume. Mwanamke wa kweli anaitwa akihitajika mwili. Connie Booth naye alipewa vipande vidogo, kisha akaandika Fawlty Towers pamoja na Cleese, ulimwengu ukaona kilichokuwa kimekaliwa.

Sitaki mtu anieleze kwamba ndivyo zama zilivyokuwa. Watu hawa walikuwa na akili ya kuona kila desturi ya zama zao ilivyo ya ajabu: jaji, jenerali, askofu, mwalimu, mtangazaji wa BBC ileile inayowalipa mshahara. Wanapomcheka kanali, kanali yumo chumbani, ana nguvu, anaweza hata kukisimamisha kipindi. Wanapocheka matamshi ya Mjapani wanamcheka mtu asiyekuwapo, ambaye hakualikwa na hana kanali wa kumtetea. Sisi tumekuwa yule asiyekuwapo mara nyingi vya kutosha katika burudani za Waingereza. Tunaujua mlango huo kwa upande wa nje. Tazama sehemu hizo, uzione zilivyo dhaifu hata kwa ufundi, maana hapo ndipo waandishi hodari kuliko wenzao wote waliporidhika na kicheko cha bure. Kisha kaa hapohapo, usizime, kwa sababu kliniki inakuja.

Palin anaingia ofisini na kuomba kununua mabishano. Anaulizwa ya dakika 5 au ya mfululizo mrefu. Anafungua mlango usio wake, anatukanwa na Chapman kwa ufasaha, mpaka Chapman anagundua kwamba mteja alitaka mabishano na hapa ni chumba cha matusi. Kwa jirani anamkuta Cleese. Palin anauliza kama hiki ndicho chumba cha mabishano. Cleese anasema ameshamwambia. Hukuniambia. Nimekwambia. Wanaendelea hivyo kwa kasi ya wacheza tenisi, mpaka Palin analalamika kwamba huku si kubishana, ni kukanusha tu. Kubishana ni kujenga hoja juu ya hoja mpaka ufike mahali. Cleese anasema sivyo. Kengele inalia, muda umekwisha, Cleese anakataa kusema lolote mpaka alipwe tena, anapolipwa anakana kuwa amelipwa. Palin anatafuta chumba cha malalamiko, anakuta wanauza kitu kingine. Baadaye anaingia inspekta wa polisi kukamata kila mtu kwa makosa ya kuigiza kichekesho cha ajabu. Anaingia wa pili kumkamata wa kwanza, na miongoni mwa mashtaka kuna hili: kumaliza kichekesho bila neno la mwisho, kwa njia rahisi ya kumwingiza polisi. Mtu anayekitazama kwa klipu anaachwa kengele ikiwa inalia. Hafiki kwa polisi, na kwa polisi ndiko wanakojishtaki wenyewe kwa uvumbuzi wao mkubwa, mbele ya taifa.

Uanzie wapi, basi? Wengi watakwambia kipindi cha kwanza. Mimi nasema msimu wa pili, kipindi cha 2, cha 22 Septemba 1970. Mwanamume mmoja, katikati ya kichekesho kisichohusiana, anasema kwa hasira kwamba hakutarajia kuhojiwa kama na Baraza la Kuhukumu Wazushi la Hispania, na mlango unapigwa teke, wanaingia makadinali 3: Palin, Jones, Gilliam. Palin anaanza kuhesabu silaha zao kuu, anakosea hesabu, anatoka ili aingie upya. Wanamtesa bibi kizee kwa mito laini na kiti cha starehe. Wanapotea, wanarudi ndani ya vichekesho vya watu wengine. Kisha mwishoni kabisa, mahakamani, mtu analitamka tena lile neno. Kila mtu anageukia mlango. Hawapo. Kamera inawakuta mbio mitaani, wanapanda basi, na juu ya picha ya basi majina ya waliotengeneza kipindi yameanza kupita. Makadinali wanayaona majina. Wanayasoma, wanajua ni mangapi yamebaki, wanamhimiza dereva. Wanafika, wanaufungua mlango wa mahakama kwa kishindo, Palin anavuta pumzi kusema sentensi yake maarufu, na neno la kumaliza kipindi linatokea kabla hajaifikisha nusu.

Hapo mtazame kijana wako usoni. Kama hakucheka, mpe kingine kimoja, kisha mwachie aende zake, hakuna kulazimishana. Kama amecheka, rudini pamoja mwanzo wa msimu wa kwanza, mtembee kwa mpangilio. Msimu wa tatu una mahali panapochosha, na cha 8 cha msimu huo, hadithi moja ndefu ya mwendesha baiskeli, kinataka usiku wa peke yake.

Msimu wa nne watu huushauri urukwe, kwa kuwa Cleese alikuwa ameshaondoka, na vipindi ni 6 tu. Usiuruke. Kipindi cha mwisho kabisa kina kisa alichoshiriki kukiandika kijana aliyeitwa Douglas Adams, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa vitabu vyake. Mgonjwa, Terry Jones, anaingia kwa daktari. Muuguzi, Carol Cleveland, anamchoma kisu mapokezi. Damu inamwagika. Daktari Chapman anasikitika, lakini kabla ya matibabu kuna fomu ya kujaza, kama kawaida. Mgonjwa anajaza huku anaishiwa nguvu, anairudisha, na daktari anaisahihisha kwa kalamu kama mwalimu wa mtihani, akitikisa kichwa. Alama ni mbaya. Anashangaa hata namba 4 imemshinda, na jibu lake linatoka The Merchant of Venice, hata yeye daktari analijua. Jones, sakafuni, anaomba msamaha.